Mvuke wa Ijumaa

Nasifah alianguka ubaoni, mbele ya darasa zima la saba, akiwa bado ameishika chaki. Mwalimu alikuwa amemwita kuandika jibu la hesabu, naye alikwisha kuandika nusu yake kwa mwandiko mzuri; kisha mkono ukakakamaa, macho yakapinduka, na mwili ukaenda chini kwa kishindo. Wavulana wa mbele walirukia madawati ya nyuma. Hakuna aliyemshika. Katika shule ile watu waliamini kwamba povu la mwenye kifafa likimgusa mtu humwambukiza, na hata mwalimu mwenyewe, ambaye alikuwa na cheti, alisimama kando na rula mkononi kama askari anayelinda mpaka.

Mama yake, Mayimuna, aliitwa kutoka kwenye karai lake la mandazi kando ya barabara, katika Divisheni ya Nyamwamba mjini Kasese. Alikuja mbio na unga mikononi. Alimkuta binti yake amekaa chini ya ukuta wa ofisi, peke yake, sketi imelowa, uso ameuficha magotini. Mayimuna alivua mtandio wake wa juu akamfunga kiunoni.

Mwalimu mkuu hakumkaribisha kiti.

"Mama Nasifah, sisi hatumfukuzi mtoto," alisema. "Lakini tangu muhula ufunguliwe huyu ameanguka mara ngapi? Wazazi wengine wamekuja hapa kulalamika. Mwaka huu watoto wao wana mtihani."

"Hata yeye ana mtihani, mwalimu."

"Ndiyo maana nasema kwa upole. Kaa naye nyumbani mpaka dawa imshike."

Kisha alifungua kabati, akatoa kikombe cha plastiki kilichofungwa ndani ya mfuko, akakiweka mezani kwa ncha za vidole. "Na hiki ndicho kikombe chake. Tulikuwa tunakiweka mbali na vingine."

Mayimuna alikipokea kwa mikono miwili, kama ilivyo adabu, akashukuru. Walipofika nje ya lango ndipo alipojiuliza alikuwa ameshukuru kwa lipi.

Karai lake lilikuwa limelindwa na jirani yake Kabugho, mwanamke wa Kikonzo aliyeuza maharage yaliyoteremshwa kutoka Kyarumba. Kabugho alimtazama mtoto akipita kuingia ndani, akangoja pazia litulie.

"Mazuri nimeyauza," alisema. "Yaliyoungua nimeyala mwenyewe, usije ukanidai. Ameanguka tena?"

"Ameanguka."

"Na likizo nzima alipokuwa Bwera?"

Mayimuna alichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. "Bwera haanguki."

"Na likizo ile ya kabla?"

"Kabugho, swali hilo uliniuliza mwezi uliopita."

"Nauliza tu, dada. Mtoto anakuwa mzima kwa mke mwenzio, akirudi kwa mama aliyemzaa anaanguka. Mimi ni mtu wa kanisani, mambo ya wake wawili siyajui. Mimi nauza maharage."

Maneno hayo hayakumshangaza Mayimuna. Aliyasikia kila siku katika kichwa chake mwenyewe, na kuyasikia kinywani mwa mwingine kulimpa faraja mbaya, ile faraja ya mtu anayegundua kwamba shaka yake si wazimu.


Mume wake, Sowedi, aliwasili Ijumaa asubuhi. Lori lake lilichukua saruji kutoka Kasese kwenda Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, na nyumba zake mbili zilisimama katika ncha hizo mbili za njia: Mayimuna huku, Hasifa kule. Alishuka akiwa na vumbi la saruji katika nyusi, na mkononi ameshika bahasha ya kaki. Ndani yake zilikuwamo dawa za Nasifah. Dawa hiyo, kabamazepini, mara nyingi ilikosekana katika zahanati za karibu, na kwa hiyo Hasifa aliinunua katika duka la dawa la Bwera akaituma kwa lori.

"Hasifa anakusalimia," alisema Sowedi.

"Waalaikumu salaam. Na wewe umezileta salamu zake kabla hujauliza mtoto ameamkaje."

"Nimesikia shuleni wamemrudisha."

"Umesikia kwa nani?"

Sowedi alijipangusa uso kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji. "Nasifah alimpigia Mama Mdogo simu."

Mayimuna aliligeuza andazi lililokuwa karaini, akaligeuza tena. Mtoto alikuwa amefuatwa shuleni na yeye, amefuliwa sketi na yeye, amelazwa na yeye; na simu yake ya kwanza ilikwenda Bwera.

"Sikiliza, mama," Sowedi aliendelea. "Mtoto akiwa Bwera ni mzima. Akiwa hapa anaanguka. Dawa ni moja, duka ni moja. Nimefikiri njiani. Atakwenda kusoma kule."

"Muhula ujao?"

"Nikirudi wiki ijayo naondoka naye."

"Unamhamisha mwanangu kama mfuko wa saruji."

"Mfuko wa saruji haunijibu," alisema Sowedi, akajaribu kucheka, na alipoona kwamba anacheka peke yake akaacha.

"Na hujajiuliza, Sowedi, dawa ikipita mkononi mwake kuja kwangu, hufanywa nini?"

"Hasifa amdhuru Nasifah? Anampenda mtoto yule. Ana wavulana wawili wasiojua hata kufagia. Kila siku anamwombea Mungu binti."

"Sikusema anamdhuru. Nimesema anamponya kwake na kumwangusha kwangu, ili wewe useme haya uliyoyasema sasa hivi."

Sowedi alikuwa mtu mwadilifu kwa kiasi chake, anayegawa siku zake sawasawa kati ya nyumba mbili na kuhesabu kwamba kwa kufanya hivyo amemaliza wajibu wake. Alichukua kanzu yake akaenda kuoga, maana sala ya Ijumaa ilikuwa karibu.

Alipoondoka, Mayimuna alifunga mlango wa jiko. Alivitoa vidonge vipya kimoja kimoja kutoka katika maganda ya bati yaliyoguswa na Hasifa, na maganda hayo akayatia motoni. Akavichanganya na vile vilivyobaki koponi. Juu ya makaa aliweka sufuria ya maji aliyoyasomea, akatia chembe za ubani, na maji yalipochemka akaweka juu yake chujio la chai lililojaa vidonge, akafunika kwa kitambaa. Mvuke ukavipenya. Midomo yake ilikuwa ikisoma bila sauti. Hivi ndivyo alivyofanya kila Ijumaa tangu mwanzo wa mwaka, dawa ilipoanza kupitia mkononi mwa Hasifa. Hakuwa amefundishwa na shehe yeyote, wala hakumwuliza yeyote, kwa kuwa alijua atakatazwa au ataulizwa jina la anayeshukiwa. Alikumbuka tu jinsi shangazi yake alivyofukiza nguo za harusi zilizoazimwa, ili jicho la mwenye nguo lisibaki ndani yake. Kama husuda ya mtu hutoka katika nguo, alifikiri, kwa nini isitoke katika dawa?

Vidonge vikiwa vingali vya moto na vimelowa, alivimimina katika kopo la maziwa ya unga, akakaza kifuniko ili kilichotoka kisirudi, akaliweka kopo kwenye rafu iliyo juu ya jiko. Jiko lile halikupoa tangu alfajiri hadi jioni, na mabati ya Kasese yaliliongezea joto lake.

Alimwita Nasifah akampa kimoja.

"Mama, ni kigumu," alisema msichana.

"Meza."

"Vya Bwera vinavunjika ulimini hata kabla sijanywa maji."

"Usiniambie habari za Bwera, Nasifah. Meza."

Nasifah alimeza. Alikuwa mtoto mtiifu, na utiifu huo ndio ulioendelea kumwangusha.


Siku chache baadaye aliangukia jikoni. Mkono wake wa kushoto uligusa ukingo wa karai, na ngozi ya juu ya kiwiko ikaungua. Mayimuna alimbeba mgongoni, msichana mkubwa vile, miguu yake ikiburuta vumbi, huku wateja wake wakisogea kumpisha na mmoja akiuliza kama mandazi yale sasa yanafaa kuliwa. Kabugho ndiye aliyemjibu mteja huyo, na jibu lake halifai kuandikwa.

Katika kituo cha afya muuguzi alimpeleka Nasifah chumba cha pili ili amfunge jeraha. Mayimuna alibaki mbele ya dirisha la dawa, akatoa kopo lake chini ya kanga. Mfamasia aliyekuwa zamu, Enid, mwanamke mwembamba mwenye miwani na sauti kavu, alimwaga vidonge vichache juu ya karatasi, akakibonyeza kimoja kwa kijiko. Hakikuvunjika. Akakitumbukiza katika glasi ya maji, akaendelea kuwahudumia watu wengine, kisha akarudi. Kidonge kilikuwa chini ya maji vilevile kilivyotumbukizwa, kama kokoto ndogo.

"Mtoto anameza hivi?" aliuliza.

"Kila siku."

"Basi si ajabu anaanguka. Kidonge hiki kilitakiwa kiwe kimekwisha kuvunjika. Kimenunuliwa wapi?"

Ni aibu kusimulia, lakini mama yule, ambaye mwanawe alikuwa akilia chumba cha pili kwa uchungu wa moto, alifurahi. Furaha ilimpanda kifuani hata ikambidi ashike ukingo wa dirisha.

"Bwera," alisema. "Anayeinunua ni mke mwenzangu. Inapita mikononi mwake kwanza."

"Aje na alizobaki nazo, na maganda yake. Kama kuna duka linauza dawa mbovu, ni lazima wenye mamlaka waarifiwe. Watoto wengine wanameza pia."

Mayimuna alitoka nje kwenye jua akampigia Sowedi simu. Sauti yake ilikuwa ya upole ambao mumewe hakuwa ameusikia kwa muda mrefu. "Njoo kesho na Hasifa. Mwambie abebe dawa ya Nasifah aliyonayo. Sababu usimwambie."


Hasifa alikuja kituo cha afya amevaa kitenge kipya na viatu vya kisigino. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, wateja wake wengi Wakongo, na Kiswahili chake kilikuwa kimechukua sura ya kwao. Alipoingia, Nasifah aliinuka kutoka kwenye benchi, mkono umefungwa bandeji, akaenda moja kwa moja akaegemea bega lake. Kisha Hasifa alipiga magoti kumsalimu mke mkubwa, kama desturi inavyotaka. Na hata katika kupiga magoti kwake Mayimuna aliona majivuno.

"Habari ya siku mingi, mukubwa."

"Njema."

"Mutoto iko aje na ile mukono?"

"Yuko kama ulivyotaka awe."

Hasifa aliinuka polepole, akajipangusa magoti. "Mi sijaelewa."

"Utaelewa sasa hivi."

Enid aliwaingiza katika chumba chake kidogo cha nyuma, akauacha mlango wazi kwa sababu ya joto, na watu waliokuwa kwenye foleni wakanyamaza ili wasikie vizuri. Aliweka glasi mbili mezani. Katika moja alitia kidonge kutoka kopo la Mayimuna. Kwa ajili ya nyingine alimwomba Hasifa dawa yake, na Hasifa akatoa mkobani vidonge vikiwa katika ganda lake la bati, akasukuma kimoja kwa kidole gumba. Kidonge cha Hasifa kilianza kutoa unga pembeni, kikapasuka, kikageuka wingu jeupe ndani ya maji. Cha Mayimuna kilikaa.

Sowedi aliinama akachungulia glasi moja, kisha nyingine, kama anavyochungulia mafuta ya injini. "Na zote ni za duka moja," alisema. "Nilimsindikiza mwenyewe siku ile. Zilitoka boksi moja, tukazigawa pale pale, nusu Bwera, nusu Kasese."

"Ninataka kusoma namba za maganda," Enid alimwambia Mayimuna. "Ya kwako yako wapi?"

"Nimeyachoma."

"Kwa nini?"

Hilo ndilo swali ambalo Mayimuna alikuwa akilingojea kwa miezi. Alisimama. Mbele ya mumewe, mbele ya mke mwenziwe, mbele ya mtu msomi na foleni nzima, hatimaye alipewa nafasi ya kusema kila kitu.

"Unauliza kwa nini nimeyachoma? Kwa sababu mkono wake uliyagusa. Nilijua tangu mwanzo, mkaniona mjinga. Mtoto kwake mzima, kwangu mgonjwa, jambo hilo linatoka wapi? Nimepigana nalo peke yangu. Kila Ijumaa nimevitoa vidonge hivi katika maganda, nikavitia juu ya mvuke wa maji niliyoyasomea, na ubani ndani yake, nikavifukiza mpaka vikatoka jasho. Kila Ijumaa, hajapita mtu akanisaidia. Na pamoja na hayo yote alichokitia humo hakikutoka. Sasa mmeona wenyewe kwa macho. Pimeni mniambie ni kitu gani alichoweka, ambacho hata moto haukukiweza."

Alipomaliza alikuwa akihema. Alimgeukia Sowedi akitarajia kuona uso wa mtu aliyefumbuliwa macho. Sowedi alikuwa akimtazama Enid.

Enid alikuwa ameweka kijiko chini. "Juu ya mvuke," alisema.

"Ndiyo."

"Na baada ya mvuke?"

"Kopo. Nimelikaza vizuri. Nimeliweka juu ya jiko, mahali asipofika mtu."

Nasifah, aliyekuwa amerudi kwenye benchi nje ya mlango, aliinamisha kichwa. Yeye alikuwa ameelewa kabla ya wakubwa.

"Mama, hakuna kilichowekwa humu," alisema Enid. Hakuwa mkatili, lakini alikuwa amechoka, na hakuipunguza sauti yake kwa ajili ya foleni. "Nisikilize. Dawa iliyo ndani ya kidonge imejipanga kwa fuwele, chembe chembe, kama chumvi. Chumvi ya Katwe ile ya mawe unaijua? Na hii laini ya pakiti? Ukizitia kwenye mchuzi, ipi inachelewa kuyeyuka?"

"Ya mawe," alijibu Mayimuna, bila kujua anapelekwa wapi.

"Na zote mbili ni chumvi. Basi dawa hii ilipotoka kiwandani ilikuwa na mpangilio unaoyeyuka tumboni kwa wakati wake. Wewe umeipa joto na mvuke. Joto limelegeza kidonge, maji yakaingia ndani. Kikapoa ndani ya kopo lililofungwa, maji yasipate njia ya kutoka, na dawa ikajipanga upya pamoja na maji yale. Zikawa fuwele nyingine, kubwa, ngumu. Ijumaa iliyofuata ukarudia. Dawa imo humo humo, haikuibwa wala haikuchanganywa na kitu. Imebadili umbo, na kwa umbo hilo mwili haupati ya kutosha. Mtoto amekuwa akimeza, lakini ni karibu sawa na asiyemeza."

"Hata kama maji yamesomewa?" aliuliza Mayimuna. Swali lilimtoka kwa sauti ndogo, ya mtoto.

"Sizungumzii kusomewa, mama. Nazungumzia maji."

Mtu mmoja kwenye foleni alikohoa ili asicheke. Hasifa alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, na hakuna aliyejua kama anaficha huruma au kicheko. Ukweli ni kwamba alikuwa na vyote viwili, na cha pili kilikuwa kikubwa zaidi. Miaka yote aliyoishi kama mke mdogo alikuwa ameingoja siku ya kusimama katika chumba kimoja na mke mkubwa, bila hatia yoyote, mbele ya mume wao.

"Mi nilinyamaza tu," alisema. "Sowedi, umesikia nimesema kitu? Mukubwa, ungeniuliza. Hii mukono yangu inajua kupima vitenge, haijui uchawi."

Mayimuna alikuwa akiitazama bandeji ya Nasifah.


Nje ya kituo jua lilikuwa juu ya paa na lori lilikuwa limeegeshwa chini ya ukuta, nusu kivulini. Enid alikuwa amewapa dawa nyingine, na maagizo: ikae ndani ya ganda lake, mahali pakavu, mbali na moto, isitolewe ila wakati wa kumezwa. Bahasha hiyo Sowedi aliishika yeye mwenyewe. Mayimuna alinyosha mkono kuipokea, kama alivyozoea, na mumewe akaihamishia mkono wa pili. Labda hakufanya kwa kusudi.

"Sasa najua," Mayimuna alimwambia. "Sitafukiza tena. Ugonjwa umepata sababu, na sababu imekwisha. Basi mwache kwangu."

"Leo umejua ya dawa," alisema Sowedi. "Kesho utashuku nini? Nguo atakayomshonea? Mchele atakaoutuma?"

"Nimekuambia nimejua."

"Umejua habari ya mvuke, Mayimuna. Sijui kama umejua habari ya hicho kingine."

Hakupaza sauti, na kwa hiyo maneno yalimwingia zaidi. Mayimuna alimgeukia binti yake. Hakutaka kufanya hivyo. Mzazi mwenye heshima hamwekei mtoto mizani ya namna hiyo mkononi. Lakini wivu humtoa mtu katika heshima yake kipande kwa kipande, naye alikuwa amebakiwa na kipande kidogo.

"Nasifah, sema wewe. Unataka kukaa wapi?"

Msichana alitazama viatu vyake. "Nataka kufanya mtihani, Mama," alisema.

"Hata hapa utafanya. Nitakwenda kumpigia mwalimu magoti."

"Kule walishakubali," alisema Hasifa kwa upole. "Mwalimu alisema alete sare tu. Iko na nafasi."

"Ulizungumza naye lini?"

Hasifa aliona alipokanyaga, lakini mguu ulikuwa umekwisha kushuka. "Likizo ile," alijibu.

Yaani kabla ya kikombe kurudishwa, kabla ya karai, kabla Sowedi hajafikiri njiani. Sowedi aligeuka akamtazama mke wake mdogo, na kwa mara ya kwanza siku ile Mayimuna alikuwa na haki juu ya jambo fulani. Lakini haki hiyo ilimfikia siku asiyoweza kuitumia. Mayimuna alifungua mlango wa lori, akampandisha mwanawe kwa mkono ulio mzima, akamwekea kiti vizuri. Hasifa akapanda upande wa pili. Kwa kuwa chumba cha dereva hakikutosha watu wanne, Mayimuna alirudi nyumbani kwa miguu.

Kabugho alimwona akija peke yake. Alisogeza kigoda, akampa nafasi ya kukaa, na siku hiyo nzima hakuuliza swali hata moja.


Muhula wa mwisho ulipokaribia kwisha, Mayimuna alikwenda Bwera. Hakuwa amewahi kuingia katika nyumba ya Hasifa. Alikuwa amejiambia kwamba anakwenda Mpondwe siku ya soko, kutafuta unga wa bei nafuu, na kwamba atapita tu kumwona mtoto kwa kuwa njia ni hiyohiyo. Na alikuwa amevaa gomesi yake ya Idi kwa ajili ya kununua unga.

Nyumba ilikuwa na madirisha mawili makubwa na upepo wa mlimani ulipita ndani yake. Hasifa alimpigia magoti tena, akamwandalia wali na nyama, akamkalisha kwenye kiti ambacho bila shaka kilikuwa cha Sowedi. Wavulana wawili walimsalimu wakakimbia. Nasifah alikuwa amenenepa. Kovu la mkononi lilikuwa limeanza kufifia, nywele zilikuwa zimesukwa kwa namna mpya, na alizungumza bila kukoma juu ya hesabu, na rafiki zake, na mwalimu aliyesema huenda akapata alama za juu.

"Mutoto haijaanguka hata siku moja," alisema Hasifa.

"Nimesikia."

"Hata siku moja, mukubwa. Uliza majirani."

Mayimuna alikula polepole. Kila usiku, tangu lori lilipoondoka, alikuwa akimwomba Mungu ampe mwanawe afya, na Mungu alikuwa akimjibu. Na kila siku ya afya ilikuwa siku nyingine ya ushahidi dhidi yake. Aliomba kwa moyo mmoja jambo lilelile lililokuwa likimhukumu. Kuna nyakati, akiwa amefumba macho, maneno ya dua yalimkwama, akayasukuma kwa nguvu mpaka yakatoka. Hilo hakumwambia mtu yeyote, wala Kabugho.

Wakati wa dawa ulipofika, Hasifa alikwenda chumbani akarudi na dawa katika ganda lake, pamoja na maji. Alisimama kidogo, kisha akamwekea Mayimuna ganda lile kiganjani.

"Mupatie weye leo."

Huenda ulikuwa wema. Huenda alitaka kumwonyesha jirani mmoja, aliyekuwa amekuja kusimama mlangoni, kwamba yeye ni mtu wa namna gani. Mayimuna hakupoteza muda kuchagua kati ya hayo mawili. Alisukuma kidonge kwa kidole gumba, kikatoka chepesi, cheupe, kikavu. Akakishika kwa ncha za vidole akamnyoshea binti yake, kama alivyomnyoshea mamia ya vile tangu alipokuwa mdogo.

Nasifah alikuwa amekwisha kunyosha mkono. Mkono ule ukasita njiani. Bila kugeuza kichwa, alipitisha macho juu ya bega la mama yake, akamtazama Hasifa. Na Hasifa, aliyesimama nyuma, akaitikia kwa kichwa.

Ndipo mtoto akakichukua, akakimeza.

Jambo lenyewe lilikwisha mara moja. Nasifah hakujua kwamba amelifanya, na angeulizwa angekataa kwa kiapo, tena kwa moyo mweupe. Lakini Mayimuna aliona macho yale yalivyokwenda na yalivyorudi. Alimpa maji.

"Kunywa yote," alimwambia. "Yote, mwanangu."

Akangoja mpaka alipomaliza.